Shauri Yako: Kauli za Kitenzi "Acha" na Hukumu katika Nyimbo za Kuachana

Utangulizi

Rodi Kopany ni soko lililoko kwenye njia panda katika Kaunti ya Homa Bay. Barabara itokayo mjini Homa Bay kuelekea Rongo, katika Kaunti ya Migori, hukutana hapo na ile ishikayo upande wa Ndhiwa hadi Sori, kwenye Ghuba ya Karungu. Wasafiri wawili waliotoka Homa Bay pamoja wakifika hapo, mmoja akaendelea na safari ya Rongo na mwenziwe akapanda gari la Ndhiwa, kila mmoja wao atasema jioni, "Tuliachana Rodi." Hakuna atakayempa pole. Lakini jirani akisema juu ya mume na mke wa boma la pili, "Wale wameachana," wasikilizaji watanyamaza kwanza, kisha mmoja atauliza, "Nani alimwacha mwenzake?"

Kitenzi ni kilekile, kauli ni ileile ya kutendana, ila swali limezuka mara ya pili tu. Katika usemi wa wasafiri, kiambishi -an- kinaaminiwa: wawili walitenda, na kila mmoja alitenda sawa na mwenzake. Katika habari ya wanandoa, kiambishi hichohicho kinashukiwa. Jamii haiamini kwamba watu wawili waliopendana wanaweza kuachana kwa kipimo sawa. Inataka mtenda na mtendwa, mwenye makosa na asiye na makosa. Inataka, kwa neno moja, shauri.

Makala haya yanazichunguza nyimbo za kuachana zilizovuma Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa kuzilinganisha na wimbo mmoja wa roki wa miaka hiyohiyo. Dai letu ni hili: wimbo wa uchungu wa kuachana ni kesi iliyosikizwa upande mmoja, na hukumu yake huwa imekwisha kutolewa na sarufi kabla msikilizaji hajapata nafasi ya kupima hoja. Mwanafunzi wa Kiswahili anayezifahamu kauli za vitenzi ana chombo cha kuitambua hukumu hiyo. Aidha, ana wajibu wa kuuliza yuko wapi yule mwingine.

Nyimbo zinazorejelewa

Nyimbo tatu za huku kwetu zitatuongoza. Wa kwanza ni "Kasongo" wa bendi ya Super Mazembe, uliotoka mwaka 1977. Bendi hiyo ilikuwa ya wanamuziki wa Kongo waliohamia Kenya, na wimbo wenyewe umeimbwa kwa Kilingala. Mke aliyeachwa anamwita mumewe arudi nyumbani. Wa pili ni "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika. Wa tatu ni "Shauri Yako", utungo wa Nguashi Ntimbo ulioimbwa pia na Super Mazembe, ambamo mpenzi anamlalamikia mpenzi wake.

Ni vyema kutambua kwamba nyimbo hizi zilitungwa na watu waliokuwa mbali na makwao. Wengine walitoka Kongo, wengine Tanzania, wote wakakutana na wasikilizaji wa Kenya. Hata Les Wanyika yenyewe ni zao la kuachana: wenzao waliobaki Simba Wanyika waliendelea na shughuli zao chini ya ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanga. Huko Nyanza Kusini nyimbo hizo zilikuta benga imekwisha kutia mizizi, muziki wa gitaa ambao upigaji wake unafuata mdonoo wa nyuzi za nyatiti. Masikio yaliyozoea gitaa linalosema sambamba na mwimbaji hayakuhitaji kufundishwa namna ya kuzipokea.

Wimbo wa kulinganishia ni "Go Your Own Way" wa bendi ya Fleetwood Mac, yenye wanamuziki Waingereza na Wamarekani. Ulitoka mwishoni mwa mwaka 1976, kisha ukaingia katika albamu ya "Rumours" ya mwaka 1977. Mtunzi wake, Lindsey Buckingham, aliutunga kuhusu Stevie Nicks, aliyekuwa mpenzi wake na mwanabendi mwenzake, wakati mapenzi yao yalipokuwa yakivunjika. Jina la wimbo huo ni agizo: shika njia yako. Mswahili anayetaka kuyaweka maneno hayo katika lugha yake kwa ukali unaostahili hatahitaji kutafsiri neno kwa neno. Atasema tu, "Shauri yako."

Shauri: kutoka baraza hadi lawama

Neno shauri lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutaka rai ya mwenzio. Kiswahili kimelizalisha neno hili kwa wingi: kushauri, kushauriana, ushauri, mshauri, mashauriano. Katika viunga vyote hivi kuna watu wawili au zaidi, na kuna kusikilizana. Kutokana na maana hiyo ya watu kuketi na kusikilizana, neno hili likachukua pia maana ya kesi. Hadi leo wanasheria wa Tanzania huzungumzia shauri la madai na shauri la jinai.

Tukilichunguza kisarufi, shauri ni nomino ya ngeli ya LI-YA. Tunasema shauri lako ni jema, mashauri yako ni mema. Kwa kanuni hiyo tungetarajia shauri lako katika kila muktadha. Hata hivyo, mtu anapomwonya mwenzake asisikie, husema "shauri yako", kwa upatanisho wa ngeli nyingine. Wapo wasemao "shauri lako" kwa maana iyo hiyo, hasa wanaochunga sarufi, lakini umbo lililoenea mitaani ni hilo la kwanza. Mjini Homa Bay kuna hata mtaa uitwao Shauri Yako.

Mhakiki mwepesi ataliita hilo kosa na kuendelea na safari. Sisi tunaona kwamba tofauti hiyo ya herufi chache imezitenga maana mbili. Anayesema "shauri lako" kwa kawaida analikiri shauri hilo: umelitoa, tumelisikia, twaweza kulikubali au kulikataa. Anayesema "shauri yako" amekwisha ondoka barazani. Hana haja tena ya kusikia wala kusikizwa. Msemo umegandamana, hauchukui kivumishi kwa urahisi, hauingii katika wingi. Huwezi kusema "mashauri yako" ukabaki na maana ileile ya kumtupilia mtu mbali na mambo yake.

Hapa ndipo ulipo uchungu wa jina la wimbo huu. Wapendanao ni watu wanaoshauriana: watakula nini, watajenga wapi, mtoto atasoma shule gani. Siku mmoja anapotamka "shauri yako", neno lililokuwa la wawili limegeuzwa kuwa la mmoja. Kiambishi -an- kimeng'olewa, na kimiliki cha nafsi ya pili umoja kimepachikwa mahali pake. Kabla hatujajua nani alikosa nini, tunajua kwamba mashauriano yamekufa.

Jina la "Sina Makosa" nalo ni la barazani. Ni jibu la mshtakiwa anayesomewa mashtaka, na wingi wa makosa una kazi yake: hakani kosa moja, anakana yote. Wimbo huo haumsemeshi mpenzi. Unamsemesha mwanamume mwingine mwenye hasira, na hoja ya mtetezi ni kwamba kila mmoja wao anaye wake nyumbani, na huyo wanayemgombania si wa yeyote kati yao. Kwa hiyo wimbo una mshtaki, mshtakiwa na utetezi. Asiyekuwamo ni mwanamke mwenyewe, ambaye pasipo yeye pasingekuwa na kesi. Anatajwa na wala hasemi.

Kauli za "acha" na nafasi ya msemaji

Katika masomo ya mofolojia tunafundishwa kuorodhesha minyambuliko ya kitenzi kama mtu ahesabuye mbuzi zizini: acha, achwa, achana, achika, achia. Orodha hiyo hukaririwa kwa ajili ya mtihani, kisha ikasahaulika. Tukiiweka katika kinywa cha mtu aliyeumizwa na mapenzi, kila mnyambuliko unageuka kuwa msimamo.

Kauli ya kutenda: "Nimemwacha." Msemaji anajitwika tendo na fahari yake. Katika mazoea ya ndoa za Waswahili, kauli hii ina jinsia, kama ilivyo kwa oa na olewa. Mume huoa na mke huolewa. Vivyo hivyo, mume ndiye atoaye talaka, kwa hiyo mume huacha. Mwanamke asemaye "nimemwacha" anavuka mpaka ambao sarufi ya mazoea ilimwekea, na ndiyo maana kauli yake husikika kama ushujaa kwa wengine na kama utovu wa adabu kwa wengine.

Kauli ya kutendwa: "Nimeachwa." Hii ndiyo kauli kuu ya nyimbo za maombolezo ya mapenzi. Msemaji ni mtendwa, na mtendwa hana la kujibu. Mke wa Kasongo anasimama hapa, ingawa anaimbiwa kwa Kilingala. Mume ameondoka, yeye amebaki, na nguvu yake yote imo katika kuita. Kauli ya kutendwa huleta huruma upesi, kwa sababu inamwonyesha msikilizaji jeraha bila kumwonyesha yaliyotangulia jeraha.

Kauli ya kutendana: "Tumeachana." Hii ndiyo kauli ya haki kuliko zote, na ndiyo inayoaminiwa kwa nadra. Inakiri kwamba palikuwa na wawili. Ajabu ni kwamba nyimbo za uchungu huikwepa, maana anayekiri kutendana hana wa kumlaumu peke yake.

Kauli ya kutendeka: "Ameachika." Mtenda ametoweka kabisa. Hali imebaki, kama madoa kwenye nguo, bila mkono ulioyatia. Husemwa aghalabu juu ya mwanamke, na husemwa na watu wengine zaidi ya kusemwa na yeye mwenyewe. Tuongeze hapa kitenzi jirani: "Ndoa imevunjika." Chungu nacho huvunjika, na hakuna aulizaye chungu kilivunjwa na nani iwapo wenye nyumba wameamua kunyamaza. Kauli hii ni sitara. Wazee wanaosuluhisha huipenda kwa kuwa hufunika aibu za pande zote mbili.

Kauli ya kutendea: "Nimemwachia Mungu." Kwa maoni yetu hii ndiyo kauli nzito kuliko zote. Anayeisema haonekani kumlaumu mtu. Kwa hakika amekata rufani. Baraza la walimwengu limeshindwa, naye anaipeleka kesi kwenye mahakama ambayo mshtakiwa hawezi kuihonga wala kuikimbia. Chini ya upole wa maneno hayo kuna tisho ambalo wahenga walilifupisha waliposema majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Tukizipanga kauli hizi tano, tunaona kwamba swali la "nani alimwacha nani" hujibiwa na msemaji kabla halijaulizwa. Msikilizaji asiyeitambua kauli atalia na mwimbaji. Anayeitambua aweza pia kulia naye, ila atajua kwamba ameombwa kulia, na atajua ombi hilo limepitia njia gani.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mwanafunzi wa Rodi Kopany, Ndhiwa au Rongo ambaye lugha yake ya kwanza ni Dholuo. Dholuo ina kiambishi -ruok ambacho hubeba maana ya mtu kujitendea na pia maana ya watu kutendana. Mfano unaojulikana na kila mpenzi wa benga ni pakruok, ule mtindo wa kujitaja kwa sifa wakati muziki unapopigwa. Neno hilo linahusu kujisifu, na linahusu pia kusifiana. Kiswahili humlazimisha msemaji achague: ama kiambishi ji- mwanzoni, ama -an- mwishoni. Mwanafunzi aliyekulia katika lugha inayoziweka maana hizo mbili chini ya dari moja ana nafasi nzuri ya kuona kile ambacho mzawa wa Kiswahili hukipita bila kukitazama. Kuchagua kati ya mimi na sisi ni jambo la maana hata katika kiambishi.

Jina na kiwakilishi

Nyimbo za kuachana hutofautiana pia katika namna zinavyomtaja anayelaumiwa. Benga ina desturi ya kutaja jina. Okatch Biggy, aliyeongoza bendi ya Heka Heka na kufariki mwaka 1997, alijulikana kwa nyimbo za mapenzi zinazobeba majina ya wanawake, mathalani "Helena Wang'e Dongo", yaani Helena wa macho makubwa. Jina likiwa katika wimbo wa sifa, ni zawadi. Likiwa katika wimbo wa lawama, ni bango lililotundikwa sokoni. Waluo wanaosikiliza wanajua kwamba jina, hasa likifuatwa na mahali mtu atokako, halibaki kuwa la kubuni kwa muda mrefu.

"Kasongo" unalitaja jina la mwanamume na kulirudia. Matokeo yake ni somo kubwa la pragmatiki. Mwishoni mwa mwaka 2024, miaka 47 baada ya wimbo kutoka, Wakenya waliligeuza jina hilo kuwa la utani la Rais William Ruto, na vijana wasiojua Kilingala wakauimba wimbo huo kama wa jana. Hatukusudii hapa kuingia katika siasa. Linalotuhusu ni namna lugha ya kuachwa ilivyokuwa tayari kutumika nje ya nyumba. Raia waliojiona wameahidiwa kisha wakaachwa walikikuta kiti cha mke wa Kasongo kikiwa wazi, wakakikalia. Wimbo wa ndoa ukawa wimbo wa dola bila neno lake moja kubadilishwa.

"Shauri Yako" unafuata njia nyingine katika jina lake. Hapo pana kimiliki cha nafsi ya pili tu. Kiwakilishi kisicho na jina kina nguvu mbili zinazovutana. Kwanza, kinamsitiri mlaumiwa wa kweli, iwapo yupo. Pili, kinaacha nafasi ambayo kila msikilizaji humwingiza mtu wake. Katika roki jambo hili limewahi kuzua hamaki ya miaka mingi. Mwaka 1995 Alanis Morissette wa Kanada alitoa "You Oughta Know", wimbo wa hasira kwa mpenzi aliyemwacha, bila kumtaja jina. Watu hawakuacha kukisia ni nani huyo. Kwa hiyo kutotaja jina hakumalizi mashtaka. Kunaweza kuwazidishia watu hamu ya kuwa wapelelezi.

Upande wa pili wa kesi

Sasa tuirudie albamu ya "Rumours", kwa kuwa inatupa mfano adimu. Katika "Go Your Own Way", Stevie Nicks, ambaye wimbo unamlaumu, anasikika akiimba kuitikia. Alisimama studioni akaupa sauti wimbo wa mashtaka dhidi yake. Baadaye alieleza hadharani kwamba neno moja alilosingiziwa humo halikuwa kweli na lilimuuma. Lakini albamu hiyohiyo ina wimbo wake, "Dreams", uliozungumzia kuachana kulekule kwa sauti ya upole zaidi, na ukafika nafasi ya kwanza katika chati za Marekani mwaka 1977. Ule wa Buckingham ulifika nafasi ya 10. Msikilizaji wa albamu nzima, basi, husikia pande zote mbili. Anayecheza wimbo mmoja tu husikia shtaka peke yake.

Je, fasihi ya Kiswahili haikuwa na mlango wa namna hiyo? Ilikuwa nao, tena mpana. Majibizano ni mojawapo ya mihimili ya ushairi wetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu wakati miji yao ilipokuwa na uhasama. Desturi hiyo iliendelea katika magazeti, ambako shairi la swali lilitarajia shairi la jibu kwa vina na mizani ileile. Katika taarabu, wimbo wa kijembe hauhesabiki kuwa umekamilika hadi upande wa pili ujibu. Ushindani wa Muungano na TOT jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1990 uliwafanya mashabiki wausubiri wimbo wa jibu kwa hamu kuliko walivyousubiri ule wa kwanza.

Tofauti na taarabu, wimbo wa dansi uliochapwa kwenye sahani ya santuri na kusafirishwa hadi masoko ya mbali ulisafiri peke yake. Haukubeba jibu upande wake wa pili. Mke wa Kasongo ameimbiwa na wanaume. Mwanamke wa "Sina Makosa" hakuitwa kutoa ushahidi. Aambiwaye "shauri yako" hakupewa ubeti. Si kwamba watunzi walikuwa na nia mbaya. Chombo chenyewe kilichowafikisha mbali kiliukata uzi wa majibizano.

Pingamizi

Huenda mhadhiri mmoja akatukosoa hivi: wimbo si mahakama, na msanii hana wajibu wa kuwa hakimu wa haki. Aliyeumizwa ana haki ya kulia kwa upande wake. Akipenda chongo huita kengeza, na akichukia atakiita kengeza chongo. Ndivyo moyo ulivyo, na sanaa isiyokubali moyo kuegemea upande itakuwa ripoti ya polisi.

Tunakubaliana na sehemu kubwa ya pingamizi hili. Hatumdai mtunzi aandike kwa kauli ya kutendana ilhali moyo wake unatendwa. Wimbo wenye uchungu unaosema "pengine sote tulikosa" katika kila kiitikio usingemliwaza mtu yeyote. Tunachokidai ni cha mhakiki. Mhakiki hana jeraha katika kesi hii. Akilia tu na mwimbaji, ameacha kazi yake. Tena uhakiki wetu umezoea kuishia kwenye dhamira: "Mwandishi anaonya dhidi ya usaliti katika mapenzi." Usaliti wa nani? Umethibitishwa na nani? Dhamira hiyo imechotwa kutoka kwa shahidi mmoja na kuandikwa kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kupitishwa.

Jambo hili halikomei darasani. Kijana anayeambiwa na mwenzake "nimeachwa" ataombwa achague upande kabla ya chai kupoa. Binti ambaye kijiji kizima kinasema "ameachika" amepewa kitenzi kisicho na mtenda, na aibu yote imemwangukia yeye kwa sababu sarufi haikumwonyesha mwingine. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Onyo hilo linamhusu anayeacha, na kwa mara moja linatukumbusha kwamba kuacha kuna mtenda. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kufanya jambo dogo lenye manufaa. Pale jamii inapotumia kauli ya kutendeka kumficha mtenda, aulize. Pale inapotumia kauli ya kutenda kumtwika mmoja mzigo wa wawili, aulize pia.

Hitimisho

Tumeona kwamba nyimbo za kuachana zimejaa msamiati wa baraza: shauri, makosa, na rufani iliyojificha ndani ya "nimemwachia Mungu". Tumeona kwamba minyambuliko ya kitenzi acha ni viti mbalimbali ndani ya baraza hilo, na kwamba msemaji huchagua kiti chake kabla ya kufungua kinywa. Tumeona kwamba jina na kiwakilishi hutoa ulinzi na hatari za namna tofauti. Hatimaye tumeona kwamba fasihi ya Kiswahili inayo desturi ya kumpa nafasi aliyesemwa, na kwamba wimbo uliorekodiwa uliidhoofisha desturi hiyo bila kuiua. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Anayetaka kuihuisha ana kalamu na ana mizani.

Mazoezi na maswali ya mjadala

1. Chagua wimbo wowote wa Kiswahili kuhusu kuachana. Orodhesha vitenzi vyake vyote, onyesha kauli ya kila kimoja, kisha eleza ni kauli ipi imetawala na inampendelea nani.

2. Jadili tofauti ya matumizi kati ya "shauri lako" na "shauri yako" katika eneo unakotoka. Je, ni kosa la upatanisho au ni maana mbili?

3. Linganisha namna lugha yako ya kwanza inavyoeleza kujitenda na kutendana na namna Kiswahili kinavyofanya. Tofauti hiyo ina athari gani katika masimulizi ya ndoa iliyovunjika?

4. Tunga shairi la beti 5 kwa niaba ya mwanamke anayegombaniwa katika "Sina Makosa". Usimtetee mwanamume yeyote kati ya wale wawili. Mpe yeye shauri lake.